Furaha Kwenye Tanbihi

Katika idara yetu ya falsafa pale Frankfurt, mtu akionekana anatabasamu kabla ya chakula cha mchana, wenzake humuuliza kama anaumwa. Si kwamba tuna roho mbaya. Ndiyo kazi yetu. Jamii imetuajiri ili tusiridhike nayo, na kwa wema wake wa ajabu inatulipa kila mwezi na kutuwekea pensheni. Basi katika watu wote waliowahi kutoridhika kwa mshahara ndani ya jengo lile, hakuna aliyemfikia Profesa Volkmar Ahlers.

Volkmar alikuwa mtaalamu wa furaha, yaani mtaalamu wa kueleza kwa nini haifai. Katika jamii iliyooza, alifundisha, furaha ya mtu mmoja ni hongo: unapewa kipande cha keki ili usiulize mkate wa jirani umekwenda wapi. Sentensi iliyompa jina ilikuwa hii: "Furaha ni kiti cha mgeni ambaye hajafika, na kazi ya falsafa ni kukilinda kibaki wazi." Wanafunzi waliichapisha kwenye mifuko yao ya vitambaa. Vijana wenye afya njema walipita mikononi mwake wakatoka wamekunja nyuso, na yeye mwenyewe, katika picha iliyotundikwa kwenye ujia wa idara, alionekana kama mtu aliyeambiwa treni yake imefutwa.

Hakuwa mnafiki, tuliweke hilo wazi mapema. Alikulia mjini Hanau, kwa wazazi waliokuwa na furaha tele. Kila alipowauliza walikuwa wapi wakati wa vita na walifanya nini, mama yake alimwongezea keki na baba yake akaongeza sauti ya redio. Mtoto aliyelelewa hivyo hujifunza kuitilia shaka keki. Volkmar aliitilia shaka mpaka akapata uprofesa.

Mkasa wake ulianzia kwenye jino. Akiwa na miaka sitini na nne, mwaka mmoja kabla ya kustaafu, alikwenda kwa daktari mpya mtaa wa Bockenheim, mjane mmoja mwenye mikono mikubwa aitwaye Reinhild Kötter. Daktari alimulika, akachungulia, akaguna.

"Unasaga meno usingizini," alisema. "Na si leo wala jana. Unamkasirikia nani?"

Volkmar, mdomo wazi na vyuma viwili ndani, alijibu ukweli kwa shida: "Jamii."

"Na yenyewe inajua?"

Akacheka. Alicheka pale kwenye kiti, vyuma vikigongana na magego yake, mate yakimtoka, naye hakukumbuka mara ya mwisho kutokewa na jambo kama lile. Ng'ombe hazeeki maini. Wiki iliyofuata alirudi kulalamikia jino ambalo halikuwa na tatizo lolote, na daktari, aliyeona tangu mlangoni kwamba halina, akamwambia aje Jumapili kwenye bustani yake.

Hapo ndipo aibu ilipoanza. Bustani ya Reinhild ilikuwa moja ya zile zinazokodishwa na chama cha bustani, kando ya reli upande wa Rödelheim, zilizopangwa mistari na kanuni zake: wigo usipite kifua cha mtu, sehemu ya kiwanja iwe mboga, na mchana baada ya chakula kimya kitupu. Volkmar alishawahi kuziandikia makala nzima, akaziita gereza ambalo mfungwa hulimwagilia mwenyewe. Sasa kila Jumamosi alisimama humo na kamba na rula, akipunguza wigo uwe sawa, na jirani akimsifia mkono wake alijisikia vizuri siku nzima. Hebu mtazame, alijiambia akiwa na mkasi mkononi, mkosoaji mkuu wa jamii, anagombana na jani. Alijaribu kujichukia kama zamani. Jioni Reinhild akimmiminia divai ya tufaha kutoka kwenye mtungi wa kijivu, chuki yote ilipotea na hakujua aitafute wapi.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, ila Volkmar aliamua kujaribu. Mwaka mzima hakumtaja Reinhild kwa mtu yeyote chuoni. Aliingia darasani na uso uleule wa treni iliyofutwa, akafundisha huzuni kwa bidii, na akaiacha nafsi yake ya pili kule bustanini, kwenye maharage.

Kwenye maharage kwa maana halisi. Jumapili moja ya Julai, alipokuwa akifunga mimea kwenye miti yake, alisikia kengele ya baiskeli na kumwona anayekuja kwenye njia: Swantje Lorenzen, mwanafunzi wake wa uzamivu, binti aliyeyashika mafundisho yake kuliko yeye mwenyewe. Volkmar hakufikiri. Alijitupa chini kifudifudi katikati ya mistari, pua kwenye udongo, akabana pumzi. Baiskeli ikapita. Alipoinua kichwa aliona viatu vya mpira vya Reinhild, na bomba la maji likimdondokea karibu na sikio.

"Umeangusha kitu?" aliuliza.

"Hapana. Napumzika kidogo."

"Kifudifudi?"

"Amepita?"

"Yule msichana wa baiskeli? Kapita. Kanisalimia vizuri tu." Reinhild alifunga maji. "Volkmar, ulikuwa unajificha wewe, au ulikuwa unanificha mimi?"

"Swali hilo lina pande kadhaa," alisema Volkmar. Katika kazi yetu, hivyo ndivyo mtu anavyosema ndiyo.

Reinhild alimsaidia kuinuka, akampangusa udongo kifuani kwa makofi yaliyozidi kidogo yale ya kupangusa. "Alhamisi una mhadhara wako wa kuaga," alisema. "Nakuja. Nikae wapi?"

Desturi anaijua kila mtu. Siku profesa anapostaafu, mstari wa mbele huwekwa kwa ajili ya familia yake, na mkuu wa kitivo humkabidhi mke au mume shada la maua kwa kumvumilia miaka yote ile. Volkmar alitazama maharage.

"Nyuma kule kuna hewa nzuri," alisema.

Reinhild hakumgombeza. Ingekuwa afadhali. "Sawa," alisema, "nitakaa nyuma nipate hewa. Ila nisikilize, bwana. Mhadhara ukiisha na watu wako bado hawajui mimi ni nani, Jumapili usije. Nimeshazika mume mmoja. Siwezi kulala kwenye maharage kwa ajili ya wa pili."

Sasa mtu mwingine yeyote, mwoka mikate, dereva, hata mchumi, angejua la kufanya. Angesema: jamani, huyu ni Reinhild. Volkmar alilijua hilo pia, na lilimtia hofu kiasi cha kukosa usingizi. Mhadhara wake uliitwa "Dhidi ya Furaha". Ulitangazwa tangu majira ya baridi. Watakuja wanafunzi wake wa miaka yote, na nyuso zao alizozikunja yeye. Atasimamaje mbele yao aseme alikuwa anatania? Akajifungia ofisini, na baada ya siku mbili za jasho akapata suluhisho ambalo ni watu wa kazi yetu tu wanaoweza kulipata. Alimwandikia tanbihi.

Aliiweka chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo: "Hoja hii haikatazi uwezekano kwamba, kwa upande wa mtu mmoja mahususi (R.K.), mwandishi amelazimika kukubali, kwa muda na bila kuathiri nadharia kwa ujumla, hali inayofanana na furaha." Alipoisoma tena, machozi yalimlenga. Hakuwahi kuandika sentensi yenye mahaba kama ile. Alimpa katibu wa idara, Bi Plaschke, aichape pamoja na mhadhara wote, na Bi Plaschke akaichapa, ila alimtazama juu ya miwani muda mrefu.

"Na viti vya mbele, Profesa? Nikuwekee vingapi?"

"Hata kimoja, Bi Plaschke. Asante."

Jumatano alikimbilia zahanati na karatasi mkononi. Reinhild aliisoma amesimama, glavu moja imevuliwa.

"Hii ni nini?"

"Tanbihi."

"Na R.K. ndiye mimi?"

"Kwenye mabano, ndiyo."

"Kwenye mabano, chini ya ukurasa." Alivua miwani. "'Hali inayofanana na furaha.' Volkmar, mimi nang'oa watu meno, na bado wananiambia maneno matamu kuliko haya."

"Kwetu sisi ni jambo kubwa sana hilo. Huwezi kuamini."

"Naamini. Utaisoma kwa sauti?"

Volkmar alishangaa kwa moyo wote. "Tanbihi hazisomwi kwa sauti," alisema. "Si desturi."

Reinhild alimrudishia karatasi yake, akavaa glavu. "Mgonjwa wangu amekaa mdomo wazi," alisema, "nenda."

Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi na ukumbi ukajaa watu waliolowa. Mkuu wa kitivo alikaa mbele na shada la maua lisilo na mwenyewe, amelibana magotini. Kando yake alikuwa Profesa Adelheid Brömser, mpinzani wa Volkmar tangu ujana, aliyempinga kwa uaminifu uliodumu kuliko ndoa nyingi. Swantje alikuwa mstari wa pili, kalamu tayari. Na katikati ya mstari wa mbele palikuwa na kiti kimoja kitupu chenye karatasi: Imehifadhiwa. Volkmar alimtafuta Bi Plaschke kwa macho. Bi Plaschke alikuwa anatazama dari.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, palikuwa na koti la mvua la manjano.

Alisoma vizuri. Hongo alizitaja zote: likizo, michezo ya kompyuta, magari, mapenzi. Aliposema mapenzi aliinua glasi ya maji akanywa. Ukurasa wa mwisho ukafika, na kwenye sentensi ya tatu kutoka mwisho aliiona ile namba ndogo juu ya neno, imekaa hapo kama nzi. Akaipita. Midomo ilisonga mbele kama ilivyozoea, na kule nyuma koti la manjano likasimama, likatafuta mkoba wake, likaanza kusogea kuelekea mlangoni kwa adabu, likiomba watu radhi.

Hapo Volkmar alimkumbuka baba yake akiongeza sauti ya redio. Wazazi wake walikuwa wameficha uovu nyuma ya keki. Yeye, aliyeapa hatakuwa kama wao, alikuwa ameificha keki nyuma ya uovu wa dunia nzima. Kuficha kulikuwa kulekule, hata mkono ulioshika karatasi ulikuwa mkono wa mzee wake. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Samahani," alisema. "Nimeruka tanbihi."

Watu waliinua vichwa. Jambo kama hilo halijawahi kutokea katika ukumbi ule. Volkmar akaisoma yote, pamoja na mabano. Kalamu zikaandika. Profesa Brömser alipekua kurasa za mwisho za nakala yake, akapekua tena, akanyoosha mkono.

"Mwenzangu, samahani. Huyu R.K. simwoni kwenye marejeo. Ni chapisho la mwaka gani?"

"Si chapisho, Adelheid. Ni yule pale mlangoni, mwenye koti la manjano. Anaitwa Reinhild Kötter, ni daktari wa meno. Anaondoka, na ana haki ya kuondoka."

Ukumbi mzima uligeuka. Mtama ulikuwa umeshamwagwa kwenye kuku wengi. Reinhild alikuwa ameshika kitasa.

"Nilikuwa naondoka," alisema. "Wewe endelea tu, nasikiliza."

"Nina furaha," alisema Volkmar, na sauti ikamkatika kama ya kijana anayebaleghe. "Tangu mwaka jana. Nimeificha. Jumapili nililala kifudifudi kwenye maharage ili mwanafunzi wangu asinione nikiwa nayo."

Hakuna aliyecheka, maana hatukujua kama tunaruhusiwa. Aliyesimama ni Swantje, na uso wake ulikuwa mweupe.

"Profesa," alisema, "mimi nilimwacha Enno kwa ajili ya sura ya tatu ya kitabu chako."

"Enno ni nani?"

"Mchumba wangu. Nilimwambia tusubiri mpaka jamii ibadilike. Akasema itachelewa. Miaka miwili sasa. Halafu leo unaniambia sura ya tatu ilikuwa na tanbihi?"

Katika maisha yake Volkmar alishajibu maswali kwa Kifaransa, Kigiriki na ulevi. Hili lilitaka lugha nyingine. Aliziondoa kurasa zake kwenye meza ya kusomea, akaziweka chini, akaongea bila karatasi, vibaya, kwa kusitasita.

"Nilikosea, Swantje. Unisamehe, na kama huwezi, ni haki yako. Nilidhani asiye na furaha ndiye anayeona vizuri. Lakini mimi nilipokuwa sina, niliyatazama maumivu ya watu kama hali ya hewa. Yapo, unayaandika. Sasa nikitoka bustanini napita kwa yule mama anayelala chini ya daraja la reli, na najua amenyimwa nini. Nakijua kwa ladha yake. Niliogopa hasira yangu itaniisha. Imezidi. Furaha inayokwambia unyamaze, hiyo ndiyo hongo, hapo sijabadilika. Ila hii haikuninyamazisha. Mimi ndiye niliyeinyamazisha."

Mkuu wa kitivo alitazama maua yake. Kisha Profesa Brömser, ambaye hakuwahi kumwachia hoja ipite bure:

"Na kiti?"

"Kiti gani?"

"Cha mgeni ambaye hajafika, mwenzangu. Miaka yote hii umetusimamisha."

Viatu vilivyolowa vikasikika vikishuka ngazi za ukumbi, vikilia kila hatua. Reinhild alipita mbele ya meza bila kumtazama Volkmar, akafika kwenye kiti kitupu, akaisoma ile karatasi, akaikunja akaitia mfukoni, akaketi na koti lake linalochuruzika. Mkuu wa kitivo alimpa shada haraka kama mtu anayetua mzigo. Kisha Bi Plaschke, kule pembeni, akaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole, ndivyo tunavyopongeza sisi, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Swantje hakugonga. Alikusanya vitu vyake akatoka.

Jumapili Volkmar alikwenda bustanini kupitia mlango wa mbele, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote kwani mlango ni huohuo mmoja, lakini alilifanya kwa fahari. Reinhild alikuwa amechuma majani yote saba ya mchuzi wa kijani wa kwao Frankfurt na anayakatakata, mayai yamechemka tayari.

"Wanataka kuuchapisha ule mhadhara," alisema Volkmar. "Nimefikiri sana. Nitakutoa kwenye tanbihi. Nikuweke kwenye dibaji?"

"Usiniweke popote. Menya viazi."

Akamenya. Alimenya vibaya, akakata nyama ya kiazi pamoja na ganda, akakosolewa, akaendelea. Ndipo ikasikika kengele ya baiskeli. Reinhild aliacha kisu, akayatazama maharage, halafu akamtazama yeye.

Magoti ya Volkmar yalianza kukunjika yenyewe, kwa mazoea. Aliyaona yakikunjika, akayaonea aibu, akayanyoosha. Akasimama wima nyuma ya wigo aliouchonga kwa rula, kiazi mkononi, aonekane kuanzia kifua kwenda juu kama kanuni inavyotaka.

"Swantje," aliita, "umekula?"

Ilikuwa saa ya ukimya, na jirani akakohoa kuwakumbusha. Swantje alishusha mguu mmoja chini. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Bado," alisema. "Na bado nina hasira na wewe, Profesa."

"Njoo nayo," alisema Volkmar, akaenda kumfungulia.